Skuta Isiyosukumwa

Kadogo, skuta ya Nanyama, hakuwa na ugomvi na tambarare. Kutoka Kaptembwo hadi katikati ya mji wa Nakuru alikimbia vizuri tu, akilia kama cherehani, na matuta aliyapita kwa adabu zake. Ugomvi wake ulikuwa na mlima. Ile barabara inayopanda kuelekea upande wa Menengai, kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo, ilimshinda kila wiki. Akifika penye ukuta wa mawe uliofunikwa na maua ya zambarau, sauti ya cherehani iligeuka kikohozi, kikohozi kikageuka mguno, na Nanyama aliweka miguu yote miwili chini upesi kabla skuta haijaanza kurudi kinyumenyume.

"Haya, tumefika kwetu," mumewe alikuwa akisema kutoka kiti cha nyuma.

Mumewe aliitwa Sitati. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na ukipita Kaptembwo leo utafungua mageti mengi yaliyotoka mikononi mwake bila kujua. Stroke ilimkuta karakanani, miwani ya kazi bado usoni, ikamnyang'anya upande mzima wa kushoto. Mdomo ulirudi mahali pake baada ya muda. Mkono ulirudi nusu. Mguu ndio uliogoma, ukawa unamfuata nyuma kama mtoto aliyenuna.

Basi pale ukutani Sitati alishuka. Kiti cha Kadogo kilikuwa chini karibu kama kigoda, kwa hiyo hakuhitaji kushikwa na mtu. Aliegemea mguu mzima, akauvuta ule mwingine kwa mkono, akasimama. Kisha alishika keria nyuma ya kiti na kusukuma. Nanyama alitembea ubavuni ameshika usukani, injini ikinguruma kidogo, na mumewe nyuma akitoa amri kama yuko karakanani na vijana wake.

"Ongeza mafuta, Mama Quincy! Punguza! Sasa unanipulizia moshi, unataka nikufe mara ya pili?"

Quincy ni mwana wao wa pekee, anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua na kupanga chumba huko Karagita. Angewaona wazazi wake katika hali ile angeona haya. Watu waliokuwa wakipita walisema pole, wengine wakacheka chini chini. Wakifika juu, shati la Sitati lilikuwa limeganda mgongoni kwa jasho, na usoni alikuwa na ile rangi yake ya zamani, ya siku alizokuwa akimaliza geti na kurudi nyuma hatua chache alitazame. Nanyama aliupenda uso ule. Hakujiuliza unatoka wapi. Alikuwa na chapati za kuuza mchana, miguu ilimuuma, na kila wiki alimwomba Mungu amtoe kwenye mlima ule. Ubaya wa maombi ni kwamba mara nyingine yanasikika.

Waliomsikia, kwa niaba ya Mungu, walikuwa akina mama wa kanisa. Siku moja mwenyekiti wao, Mama Wasike, alipita pale ukutani katika gari la mwanawe akawaona: mke anavuta, mgonjwa anasukuma. Alilia mpaka leso ikalowa. Mama Wasike ana moyo mkubwa, na mtu mwenye moyo mkubwa akishalia, ujue kuna jambo litafanyika, utake usitake.

Chama chao kina desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kuivunja. Wanaiita "aliyeinuliwa huinua". Ukipata kitu bora, kile cha zamani unakikabidhi kwa mwenzako siku iyo hiyo, mbele ya watu wote, ili asiwepo mtu wa kukalia baraka mbili. Cherehani, majiko na matangi ya maji yamezunguka Kaptembwo kwa njia hiyo mpaka hayajulikani yalianzia wapi. Hata Kadogo mwenyewe Nanyama alimpata hivyo, kutoka kwa mwalimu Sally wa Lanet, siku Sally aliponunuliwa gari na mumewe. Nanyama alipiga vigelegele siku ile. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Basi Jumapili moja Nanyama alipoitwa mbele kanisani alidhani anapewa zamu ya kusoma Neno. Walimtoa nje wakiimba, na pale uani, chini ya hema, ilisimama skuta nyekundu mpya, kubwa, yenye kiti kirefu na riboni zilizofungwa hadi kwenye vioo. Quincy alikuwa amesimama kando yake akichekelea. Naye alijua, mwizi yule, na hakusema neno.

"Dada yetu, Mungu ameona jasho yako!" Mama Wasike alipaza sauti. "Ile mlima imekwisha leo!"

Mchungaji akamimina mafuta ya upako kwenye usukani, kwenye kiti, hata kwenye bomba la moshi, asije shetani akapata pa kuingilia. Sitati alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Hii sio skuta," alisema. "Hii ni Mheshimiwa."

Jina likakaa. Na kabla ya amina ya mwisho, desturi ilitimizwa. Ufunguo wa Kadogo ulitoka mkononi mwa Nanyama ukaingia mkononi mwa Jepkemei, muuza maziwa, ambaye miaka yote alikuwa akitembea na mtungi mgongoni na mtoto kifuani. Nanyama alifurahi, tusimsingizie. Alimkumbatia Jepkemei kwa moyo mweupe. Alipopanda Mheshimiwa watu wampige picha, aligundua tu kwamba ni vidole vya miguu peke yake vinavyogusa chini. Alitabasamu hivyo hivyo, amesimama kwa vidole.

Safari ya kwanza ya kliniki ilikuwa sherehe. Kiti kilikuwa juu, kwa hiyo majirani wawili walimnyanyua Sitati wakampakia kutoka kwenye ngazi ya mlango. Mjini alisalimia watu ambao hakuwa amewasalimia tangu augue. Walipokaribia ukuta wa maua Nanyama alijiandaa kama kawaida, miguu ikijitayarisha yenyewe, lakini Mheshimiwa hakukohoa wala kuguna. Ukuta ulipita, maua yakapita, na kabla Nanyama hajafunga mdomo walikuwa langoni mwa kliniki.

"Umeona mambo?" Sitati alimpigia kelele sikioni. "Umeona?"

Alikuwa ameona. Alicheka kwa sauti, akamshukuru Mungu, akawashukuru akina mama mmoja mmoja kwa majina.

Wiki zikaenda. Jepleting, daktari wa mazoezi pale kliniki, ni msichana mpole asiyependa maneno mengi. Desturi yake ni kumsimamisha Sitati katikati ya vyuma viwili vya kushikilia na kumwambia aende arudi. Siku za Kadogo, Sitati alikuwa amefika mahali pa kwenda na kurudi bila kugusa chuma, akimtania Jepleting kwamba atamwalika kwenye mbio za Eldoret. Sasa alikwenda kidogo, akashika chuma. Akaenda kidogo tena, akashika vyote viwili.

"Baba, umeacha nini?" Jepleting aliuliza.

"Sijaacha kitu."

"Yale mazoezi ya nyumbani?"

"Nafanya yote, daktari."

Nanyama aliangalia sakafu. Mazoezi ya Sitati nyumbani ni redio. Hajawahi kufanya mengine, wala siku moja.

Jepleting alimvuta Nanyama kando, karibu na dirisha. "Mama, kuna kitu huyu alikuwa anafanya. Mguu ilikuwa inapanda vizuri, hata mimi nilikuwa nashangaa. Kama kuna ngazi mlikuwa mnapanda mahali, mrudi kwa hiyo ngazi. Tukichelewa, mguu itakauka hivyo, na mimi sitakuwa na kitu ya kufanya tena."

Nanyama alitazama nje ya dirisha. Kutoka pale unauona mlima wote ukiteremka hadi mjini, na katikati yake ukuta wa mawe na maua yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mumewe kilikuwa kikijazwa pale ukutani kila wiki, na yeye alikuwa akipiga magoti kuomba kiondolewe.

Tangu siku ile alijua jambo moja tu: Sitati asipotembea, mguu unakufa. Alianza na njia ya wazi. Walipofika ukutani alisimamisha skuta, akamwambia ashuke apande kwa miguu, yeye atamfuata polepole.

"Nitembee na skuta iko?" Sitati alishangaa kweli. "Watu watasema umenifukuza."

Alijaribu kumtoa jioni mtaani, wazunguke hadi kwenye vibanda na kurudi. Sitati alifika getini, akaegemea geti alilolichomelea mwenyewe, akauliza, "Kutembea kwenda wapi?" Nanyama alisema, kutembea tu. Sitati akarudi kukaa.

Alimwendea Mama Wasike. Alianza vizuri, akashukuru, kisha akasema kwamba kuhusu ile skuta ndogo, kuna kitu alikuwa anataka kueleza. Hakufika mbali. Mama Wasike alikwisha kumwekea mkono kichwani.

"Najua hiyo roho," alisema amefumba macho. "Ni roho ya kuogopa makubwa. Hata mimi ilinijaribu. Tunaikemea!" Akaikemea kwa muda mrefu, na Nanyama akasema amina, kwani ungesema nini. Aliondoka pale amepangiwa kutoa ushuhuda Jumapili inayofuata: jinsi Mungu alivyomshusha mumewe kutoka mlimani.

Basi akaenda kwa Jepkemei, amejikaza, ana maneno tayari. Angemwomba wabadilishane, siku ya kliniki tu. Alimkuta anamwosha Kadogo kwa sabuni ya unga, kreti la maziwa limefungwa vizuri nyuma, mtoto anachezea povu.

"Mama Quincy!" Jepkemei alimkimbilia. "Wewe unajua sasa nafika nyumbani mtoto akiwa bado macho? Alikuwa ananiona kama mgeni. Juzi ameniita mama, nikalia mpaka maziwa ikamwagika."

Nanyama alikunywa chai aliyowekewa. Aliusifu weupe wa kreti. Alimpapasa Kadogo kwenye kiti, kile kiti kifupi, akaaga. Njiani alilia akiwa juu ya Mheshimiwa, na upepo ukayakausha machozi kabla hajafika barabara kubwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumkasirikia. Angekuwa amekosewa, angesamehe. Lakini wote walikuwa wamemtendea mema, na mema yao yalikuwa yanamuua mumewe mguu, na hakuna kanisa linalofundisha namna ya kuombea hilo.

Ndipo akafikiria hila. Mchana wa Alhamisi, wakielekea kliniki, alipouona ukuta wa maua mbele, alisogeza kidole gumba hadi kwenye ile swichi nyekundu ya kuzima injini, akaibonyeza. Mheshimiwa akanyamaza. Nanyama akafunga breki kwa nguvu, amesimama kwa vidole, mapaja yakimtetemeka kwa uzito.

"Imegoma," alisema.

"Washa tena," Sitati akasema kutoka nyuma.

Alibonyeza kitufe cha kuwashia. Hakuna kilichosikika. "Imekataa kabisa, Baba Quincy. Itabidi tusukume."

Halafu akahisi skuta ikiyumba, na mkono wa mumewe ukishika bega lake. Alikuwa anashuka! Moyo wa Nanyama uliruka kama wa msichana. Alikaza mikono, akasema polepole, polepole, niko hapa. Mguu mzima wa Sitati uliteremka ukitafuta ardhi, na ardhi ilikuwa mbali. Ilikuwa mbali zaidi ya ilivyokuwa kwa Kadogo. Alipoigusa alijaribu kuuvuta ule wa kushoto upite juu ya kiti, kiti kile kirefu chenye kuteleza, ukakwama. Akauvuta tena. Ulipita, ukafika chini, na ulipopewa uzito ulikunjika kama kitambaa.

"Nishike!" Sitati alisema, na sauti yake haikuwa ya fundi.

Nanyama alimshika kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alikuwa ameshikilia Mheshimiwa, na hakuwa na nguvu za kushika vyote viwili. Hakuwa na nguvu za kushika hata kimoja. Vilianza kumwelemea pamoja, mume huku na skuta kule, na yeye katikati anapiga kelele. Mwanamume mmoja wa bodaboda, Kipsang, aliyekuwa akingoja wateja ng'ambo ya barabara, alivuka mbio. Aliidaka skuta, akaisimamisha kwa stendi, kisha akamkumbatia Sitati kifuani akamnyanyua na kumrudisha juu ya kiti, taratibu, kama unavyompakia baba yako.

"Pole, mzee. Pole sana. Ni nini imeharibika?"

"Imezima," Nanyama alisema bila kumtazama.

Kipsang aliinama kwenye usukani. Haikumchukua muda. "Mathe, si umezima hapa?" Alibofya swichi nyekundu, akabonyeza kitufe, na Mheshimiwa akanguruma kwa afya njema. Kipsang alicheka, bila ubaya, akasema hata yeye ilishamtokea, akarudi kwa wenzake.

Nanyama alipanda. Hakuondoa skuta. Magari yalikuwa yakiwapita, na petali za zambarau zilikuwa zimeangukia usukani na mapaja yake. Alisubiri mumewe amtukane. Angemtukana, ingekuwa nafuu.

"Nilijua," Sitati alisema.

"Ulijua nini?"

"Mimi ni fundi, Mama Quincy. Injini ikigonjeka inakufa polepole, inalalamika kwanza. Hii ilizima kama taa."

"Sasa mbona ulishuka?"

"Kwa sababu ulisema tusukume. Hujaniambia hivyo tangu Kadogo aende."

Nanyama alitaka kugeuka amwone uso, lakini vidole vyake tu ndivyo vilivyokuwa chini na hakuthubutu. Ilibidi asikilize akiwa anatazama barabara.

"Kila siku unaniambia nitembee mguu ipone," Sitati aliendelea. Sauti yake ilikuwa tulivu, haina lawama. "Mimi mguu sikuwahi kuifanyia kitu. Ilikuwa inaniuma, ile mlima. Ilikuwa inaniuma vibaya sana. Lakini nilikuwa nakuonea huruma. Wewe na kale kaskuta mlikuwa mnashindwa, na nilikuwa naona bila mimi hamfiki. Nikifika pale juu nilikuwa najua nimewafikisha." Akapapasa kiti cha Mheshimiwa kwa mkono wake mzima. "Hii inafika."

"Baba Quincy..."

"Inafika bila mimi. Wacha tuende, daktari anangoja."

Alitafuta neno la kumwambia. Alitaka kumwambia kwamba bila yeye hafiki popote, kwamba hajawahi kufika, na lilikuwa kweli tupu, lakini lingesikika vipi pale, juu ya injini ile inayonguruma chini yao wote wawili kana kwamba hawajapanda? Alikumbuka Jumapili, na ushuhuda, na Mama Wasike mstari wa mbele na leso yake tayari.

Akashika mkono wa mafuta, akauzungusha kidogo tu, kidogo kuliko alivyowahi kuuzungusha, akiomba moyoni wakwame. Mheshimiwa akaupanda mlima bila hata kupunguza mwendo.